Turubai la Watu Watatu

Nimonia ilinilaza mwezi mzima, na siku daktari aliponiruhusu kurudi nyumbani aliniambia neno moja la mwisho: nisinyeshewe. Nilicheka. Nisinyeshewe, mtu wa Kitui? Kwetu Nuu nilikozaliwa, mvua ikianza watu hawakimbilii ndani. Wanakimbilia nje na mabeseni, ndoo, sufuria, hata kikombe cha mgeni, wanavipanga chini ya ukingo wa mabati, na wakimaliza kuvipanga wanasimama papo hapo wakilowa na kufurahi. Kujikinga na jua tunajua. Kujikinga na mvua tunaona ni utovu wa shukrani. Lakini daktari hakucheka nami. Alisema pafu langu moja limebaki na kovu, na kwamba nimonia nyingine ikinipata, yeye hanihakikishii lolote.

Basi nilirudi Matinyani nikawa mtu wa kuchungwa. Asubuhi mume wangu anauliza kama nimevaa sweta. Alasiri ananipigia simu kazini: naona mawingu, umefunga duka? Mimi ni fundi wa nguo, nina chumba mjini Kitui chenye cherehani mbili na meza ya kukatia, na kabla ya ugonjwa hakuna aliyewahi kunifuata na sweta mkononi. Alikuwa akinipenda, najua. Lakini kuna mapenzi ya kukukalia kifuani, na kifua changu kilikuwa na shida zake tayari. Nilichoka kuwa mgonjwa aliyepona.

Aliyenielewa alikuwa rafiki yangu. Ana duka la mbegu na dawa za mifugo, ukuta wake ndio ukuta wangu, na veranda ni moja. Tumekula chakula cha mchana pamoja tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa mgongoni. Nilipolazwa nilimpa ufunguo wa duka langu, naye ndiye aliyekuwa akipokea vitambaa vya wateja na kuwapa ule uongo wangu wa kawaida, kwamba nguo iko tayari, imebaki vifungo tu. Ni mcheshi, mwepesi wa kusaidia, na mjini anajulikana kwa jambo moja: mvua. Kwa sababu ya biashara yake, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango anasoma utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, anaulinganisha na mwingine, kisha anasimama verandani akitazama upande wa mashariki. Wakulima wanatoka mbali kumuuliza wapande lini. Mimi mwenyewe sikuwa naanika hata leso bila kumuuliza.

Wazo la mlima lilikuwa lake.

"Wewe usikae hapo ukingoja kufa," aliniambia siku moja tukila muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. "Twende tupande Nzaui. Tulale huko juu, tushuke kesho yake. Ukitoka huko, nani atakuita mgonjwa tena?"

Siku hizi watu wa kwetu wameingiwa na wazimu wa kupanda milima. Zamani ulipanda kilima kwa sababu mbuzi wako amepanda. Sasa unamwona mwalimu na karani wa benki wamevaa viatu vya rangi ya machungwa, wanapanda bila sababu na kushuka bila mbuzi. Nilikuwa nawacheka sana. Lakini maneno yake yaliniingia. Nzaui uko Makueni, juu ya soko la Matiliku. Si mlima wa kutisha, ila mwinuko wake unakata pumzi, na kileleni kuna upepo na ukungu ambao watu wa chini hawaujui. Ukitaka kujua kama kifua chako ni kizima, mlima huo utakwambia bila kukuficha.

Wa tatu wetu alikuwa mama anayeniuzia vitambaa kutoka Mwingi. Familia yao ilitoka pwani wakati wa babu yake, wakafungua duka la leso na mashuka, wakabaki. Kiswahili chake kimenyooka, hata sisi tukiongea naye tunajikuta tunarekebisha midomo. Aliposikia mipango yetu alisema naye anakuja, maana tangu aolewe hajawahi kwenda mahali bila mzigo wa kuuza.

Nafasi tuliyoipata sote ilikuwa Pasaka, na Pasaka kwetu ni msimu wa uua, mvua ile inayoitwa ndefu. Urefu wake ni wa jina. Mwaka mmoja inanyesha siku chache, inaotesha mahindi hadi magotini, kisha inayaacha yakauke yakiitazama. Mwaka mwingine inashuka kwa hasira na kubeba daraja. Hakuna mtu mzima Ukambani anayeiamini mvua ya uua. Tunayoiamini ni ile ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo hatukujua kama tunajiandaa kwa jua, kwa ukungu au kwa mafuriko, na tukaamua kujiandaa kwa vyote.

Nasikia wanaokwenda milimani huko kwingine kila mmoja hujibebea vyake vyote: hema lake, jiko lake, chakula chake. Sisi tulipanga kwa njia ya mwethya, maana hatukujua nyingine. Mwethya ni kile kikundi cha akina mama kinachochimba matuta, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Ukienda mwethya hubebi kila kitu. Mmoja ana sururu, mwingine ana karai, mwingine ameleta maji, na chakula kinatoka sufuria moja. Ukionekana umejiwekea chako pembeni utasemwa mpaka watoto wako wasikie. Tukagawana hivyo hivyo. Mama wa leso alipewa chakula na mablanketi, akayafunga kwa nailoni. Mimi nilipewa sufuria, jiko dogo la gesi na maji. Na rafiki yangu alipewa turubai, ambalo ndilo lingekuwa nyumba yetu.

Turubai hilo nililishona mwenyewe. Hema za bei yetu nilizipekua madukani, nikaona mishono yake, nikazirudisha kwenye rafu kwa masikitiko. Nikatafuta kitambaa kizito cha kufunikia lori, nikakikata, nikashona mshono wa kukunja mara mbili kwa uzi wa nailoni, nikapigilia ringi za chuma kwenye kingo. Kisha nikasugua kila mshono kwa mshumaa na kupitisha pasi ya moto ili nta iingie ndani ya matundu ya sindano. Nililipima kwa upana wa watu watatu waliolala sambamba, mimi katikati. Tulilitundika nyuma ya duka, rafiki yangu akakaa chini yake kwenye kigoda, nikalimwagia maji ndoo baada ya ndoo. Alitoka mkavu, akapiga vigelegele mpaka wauza ndizi wakaja kuona nani ameolewa. Sijawahi kushona gauni la harusi kwa uangalifu kama ule.

Mume wangu alipita dukani kabla hatujaondoka. Hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia rafiki yangu.

"Wewe ndio unajua mambo ya mvua," akamwambia. "Huyu atakuwa salama?"

"Shemeji, wacha wasiwasi. Turubai nitabeba mimi mwenyewe. Huyu atabeba vitu nyepesi. Nitakurudishia yeye vile umenipa."

Nilikasirika kidogo kuzungumziwa kama mfuko wa mbolea. Lakini niliona uso wa mume wangu ukilegea kwa mara ya kwanza tangu hospitalini, na moyoni nikamshukuru rafiki yangu kwa hilo.

Tulifika Matiliku asubuhi, tukanywa chai ya mwisho sokoni, tukaanza. Begi la rafiki yangu lilikuwa limejaa hadi zipu inalalamika. Nilimhurumia. Nilimwambia tubadilishane kidogo, nimsaidie turubai hadi mahali pa kupumzika. Alikataa upesi.

"Na kifua chako? Tembea bwana."

Nikatembea. Na ninataka kusema hapa, kabla mambo hayajaharibika, kwamba ule mwinuko ulikuwa furaha kubwa. Nilipumua. Nilihema, nikasimama, nikahema tena, lakini hewa iliingia yote na kutoka yote, na kikohozi nilichokingoja hakikuja. Mama wa leso alikuwa nyuma yangu akilalamika juu ya viatu vyake kwa Kiswahili fasaha. Tulipita kwenye miti, tukapita kwenye mawe, na nilipogeuka kuitazama nchi yote ile chini, mashamba na mabati yanayometa, nililia kidogo. Nilifikiri nimpigie mume wangu simu nimwambie, nikaona aa, nitamwambia uso kwa uso.

Tulipokaribia kileleni hewa ilibadilika. Mawingu yalikuwa yamejazana upande wa kusini, meusi chini.

"Jamani, yale si mawingu ya mchezo," mama wa leso alisema.

"Hayo ni ya kupita tu," rafiki yangu akajibu. "Niliangalia simu asubuhi."

Kwangu hilo lilitosha. Tulipata mahali tambarare kati ya mawe na miti miwili iliyofaa kamba. Nikatua mzigo, nikamwambia alete turubai tulifunge mapema. Alianza kufungua mfuko wa pembeni wa begi, akaufunga, akafungua mwingine. Kisha akasema bila kuniangalia, "Nimeiacha."

"Umeliacha wapi? Chini sokoni?"

"Kitui. Niliangalia mvua nikaona hakuna kitu. Hii ni uua bana, si unaijua. Sasa kubeba nyumba mzima kwa mgongo ya nini?"

Sikukasirika. Niliudhika, ndiyo, nilifikiria mishumaa yangu yote. Lakini lilikuwa kosa ambalo Mkamba yeyote angelifanya, na ningeweza kulifanya mimi. Nikacheka, nikamwambia mvua ikija nitamtundika yeye kwenye ile miti. Naye akacheka. Mama wa leso peke yake hakucheka.

Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yakagonga mawe kwa sauti. Na unajua tulifanya nini, sisi wanawake wawili wa Kitui tulio juu ya mlima bila paa? Mimi nilitoa sufuria. Niliitoa begini, nikaiweka wazi juu ya jiwe, na kifuniko chake, na vikombe vitatu, nikivipanga kama niko Nuu chini ya mabati ya mama yangu. Rafiki yangu alikuwa ananisaidia, anasogeza kikombe kiingie kwenye mkondo wa jiwe.

"Nyinyi mna wazimu?" mama wa leso alipiga kelele. "Maji ya nini? Ingieni huku!"

Alikuwa amejibanza chini ya jiwe lililojitokeza kidogo, paa la kutosha kichwa na mabega. Nilikimbilia hapo mvua ikiwa tayari imefika kwenye ngozi yangu. Kisha ikaja mvua ya mawe, ikipiga sufuria yangu huko nje. Upepo uliigeuza mvua ikatujia kwa ubavu. Nilimtafuta rafiki yangu nikaona hayupo. Nikamwita. Nilidhani ameumia.

Alikuja akitokea nyuma ya jiwe lingine, na sikumtambua mara moja. Alikuwa amevaa koti la mvua la mpira lenye kofia, limemfika chini ya magoti. Chini yake suruali ya mvua. Miguuni gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Koti lilikuwa jipya, mikunjo ya dukani ingali imelichora mistari kifuani. Na begi lake, lile lililolalamika zipu njia nzima, lilikuwa limenywea mgongoni halina kitu.

Nililitazama begi lile, nikazitazama gambuti. Mtu asiyeamini kwamba mvua itanyesha habebi gambuti mlimani. Aliamini. Kati yetu watatu yeye ndiye aliyekuwa na hakika.

"Ulijua," nikamwambia.

"Simu ilisema labda."

"Ukabeba yako."

"Turubai ni nzito!" akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Wewe umeishona tu, hujaibeba. Ningebeba hiyo singeweza kubeba hizi. Kila mtu angejipangia yake, shida iko wapi?"

Nilisikia baridi ambayo haikutoka juu. Kila mtu ajipangie yake! Kama angesema hivyo verandani ningebeba turubai langu kwa meno. Nilikuwa nimeuachia mgongo wake turubai langu kwa sababu ya lile neno lake mbele ya mume wangu, kwa sababu ya vigelegele vyake chini ya maji yangu. Hasira ilinishika. Lakini bado, na hili linaniaibisha kuliko yote, bado nilikuwa nikiitazama mikono yake. Nilingoja aanze kufungua vifungo vya lile koti. Anakijua kifua changu. Alikesha nacho hospitalini. Nilingoja na meno yakigongana, na yeye akainua mikono, akaikaza kofia ya koti chini ya kidevu.

Mama wa leso alifungua mablanketi, akanivua blauzi iliyolowa, akanizungushia ile nailoni kifuani, kisha blanketi, kisha leso yake mwenyewe. Akasimama upande wa upepo, mgongo wake ukapokea mvua yote. Hakumsemesha rafiki yangu tena, wala siku ile wala baadaye.

Mawe yalipokoma tulishuka kwenye matope, mchana huo huo. Karibu na Matiliku mwanamke mmoja alituona barabarani, akatuingiza jikoni kwake, akachochea moto bila kuuliza sisi ni nani. Nilikuwa nimeanza kukohoa. Rafiki yangu alikung'uta koti lake mlangoni, likakauka mara moja.

Nimonia haikuchelewa. Wiki ile ile nilikuwa kitandani hospitalini Kitui, barakoa ya oksijeni usoni, sauti imenikauka kabisa. Sikuweza kutamka hata jina langu. Na asubuhi moja, mume wangu ameketi kando ya kitanda, rafiki yangu aliingia na chupa ya uji wa wimbi. Alikuwa amevaa vizuri. Macho yake yalikuwa mekundu, na nadhani alikuwa amelia kweli.

"Shemeji, nilimwambia," alianza kabla ya kuketi. "Mawingu niliona mapema. Nikamwambia turudi, akakataa, ati lazima tulale. Na turubai alisahau kwa duka. Si unajua vile yeye huwa, akili yote kwa sindano. Nilimvalisha koti yangu. Mimi nikanyeshewa, sawa tu, lakini yeye nilimfunika."

Mume wangu alisimama. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante sana," akamwambia. "Kama si wewe ningekuwa nimefiwa."

Nilitikisa kichwa. Nilitikisa kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, barakoa ikahama, na sauti pekee iliyotoka ilikuwa ya kukohoa. Mume wangu alidhani ninakataa uji. Aliniinamia akanisihi ninywe kidogo, rafiki yangu ameamka mapema kunipikia. Rafiki yangu alikuwa nyuma ya bega la mume wangu, ananitazama. Sikuona aibu usoni mwake. Niliona mtu anayepima kama nitapona. Nilimchukia vile sijawahi kumchukia binadamu, na nikanywa uji wake kijiko kwa kijiko, kwa sababu mume wangu ndiye aliyeshika kijiko.

Nilipona. Sauti ilirudi polepole, na siku iliporudi ya kutosha, tukiwa nyumbani Matinyani, nilimwambia mume wangu yote: begi, gambuti, vifungo ambavyo havikufunguliwa, mgongo wa mama wa leso. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilimwona akinihurumia, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Ulikuwa na homa kali," akasema. "Uliongea vitu vingi kwa hiyo homa. Kuna siku uliniita mama yako."

"Sina homa sasa."

"Na turubai nililiona. Nilienda duka lako kuchukua sweta, nikalikuta limekunjwa pale chini ya meza ya kukatia. Kama angekuwa ameachiwa yeye, si lingekuwa kwake?"

Ule ufunguo niliompa nikiwa nimelazwa hakuwahi kuurudisha, wala sikuwahi kuuomba. Nilimwambia hivyo mume wangu, kwamba angeweza kuliingiza humo wakati wowote. Alisugua uso. Si mtu mbaya. Mke wake alikuwa amekaribia kufa mara mbili, na katika hizo zote alikuwa na mtu mmoja tu wa kumshukuru, na sasa nilikuwa namnyang'anya.

"Basi mpigie yule mama wa Mwingi," akasema, akinyoosha mkono aipokee simu. "Nimsikie. Akisema ni hivyo, nitaamini."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Mama wa leso angepokea mara moja, na angeeleza kila kitu kwa mpangilio, bila kutia chumvi. Nililitafuta jina lake, kidole kikawa juu yake. Kisha nikamtazama mume wangu, mtu aliyelala kwenye sakafu ya hospitali kwa ajili yangu, na nikaona kwamba maneno yangu yakitoka kinywani mwangu hayakumtosha, lakini yangemtosha yakitoka kwa muuza leso ambaye hata nyumba yake yeye haijui. Nikaizima simu, nikaiweka mapajani. Alikuwa bado amenyoosha mkono, anangoja nimpe.